Sekretari amesusia kompyuta niliyombadilishia mfumo

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mtu wa TEHAMA kwenye shule ya sekondari ya binafsi huku Nyanda za Juu Kusini. Kazi yangu ni kila kitu chenye waya, kuanzia printa ya utawala hadi spika za paredi.

Ofisi zetu zina kompyuta 11, zote mtumba, HP na Dell za Core i3 kizazi cha nne, RAM GB 4 na diski zile za kuzunguka. Nilizikuta na Windows 10 ya kuchakachua. Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 14, 2025, na tangu hapo nimekuwa nikimpigia kelele mkuu wa shule kwamba kumbukumbu za ada na matokeo ya watoto ziko wazi. Windows 11 mashine hizi zinaikataa, maana inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Mkuu akasema hela ya kompyuta mpya hakuna, nitafute njia.

Njia niliyoipata ni Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo la Xfce, ambalo mwenyewe nalitumia nyumbani na ni jepesi sana. Jumamosi moja nikaingia ofisini, nikahifadhi mafaili ya watu vizuri, nikaiweka kwenye mashine tatu: ya sekretari, ya mhasibu na ya mwalimu wa taaluma. Nilitaka Jumatatu wakute mashine inawaka haraka, wafurahi.

Mjomba, Jumatatu ilikuwa kama msiba. Sekretari ni mama wa umri wa mama yangu, amechapa mitihani ya shule hii tangu inafunguliwa. Alifungua mtihani wa Biolojia wa kidato cha tatu akakuta mchoro wa moyo umepanda juu ya maswali na kurasa nne zimekuwa tano. Akaniita mbele ya walimu: "Umeniwekea nini humu?" Kisha akachukua flashi yake akaenda kuchapia steshenari ya ng'ambo ya barabara, na mpaka leo ndiko anakochapia, risiti anamletea mhasibu. Mhasibu naye Tally, programu yake ya hesabu, haifunguki. Mwalimu wa taaluma hajasema neno, ila nimeona amehamia kwenye laptop yake.

Mkuu amenipa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo nirudishe "Windows ya watu". Mitihani ya kufunga shule ya Juni nayo iko mlangoni. Rafiki yangu mmoja ananishauri niweke mandhari inayofanana na Windows kabisa, hadi kitufe cha Start, wasijue tofauti. Mwingine anasema nikaze, watazoea. Nifuate lipi?

Kijana wa TEHAMA

*

Marahaba kijana wangu.

Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami limenitoa jasho: mtihani wa kidato cha tatu unachapwa steshenari ya ng'ambo ya barabara. Hapo hapo ndipo wanafunzi wenu wanapotoa fotokopi. Faili likifunguliwa kwenye mashine ya watu, ni rahisi sana nakala kubaki, na flashi huenda ikarudi na virusi. Mtihani ukivuja, hakuna mzazi atakayeuliza ulikuwa Linux au Windows. Kwa hiyo leo, si kesho, mrudishie mama huyo Windows yake na Word yake kama ulivyozikuta, na uchomoe waya wa mtandao kwenye mashine hiyo. Kuchapa hakuhitaji intaneti. Achape mitihani ya Juni kwa amani. Na unapomrudishia, mwambie ulipaswa kumuuliza kwanza. Umwambie mbele ya walimu walewale.

Sasa tuje kwako. Mfumo uliochagua sina ugomvi nao. Mint 22 inahitaji RAM GB 2 kwa uchache, 4 ndiyo wanayopendekeza, Xfce ndilo toleo lake jepesi kuliko mengine, na masasisho yake yamepangwa kufika 2029. Watakuja watu wakusifie Zorin OS, Linux ya aina nyingine, kwa sababu inapendeza, na kweli toleo lake la 18 lilitolewa siku ileile Windows 10 inaachwa, kwa makusudi nadhani. Lakini Zorin ya kawaida imejengwa juu ya GNOME, mwonekano mzito kuliko Xfce, na kwa mashine za diski ya kuzunguka mtanuniana nayo. Baki ulipo.

Kosa lako ni ile Jumamosi.

Huyo mama ana cheo pale ofisini ambacho hakijaandikwa kwenye barua yake ya ajira. Mwalimu akishindwa kupanga jedwali, anamfuata yeye. Mkuu akitaka barua ya bodi ikae kwenye ukurasa mmoja, anaitwa yeye. Vidole vyake vinajua Word kwa miaka mingi kuliko uliyokaa wewe kazini. Jumatatu alikuja akakuta yote hayo yameondolewa usiku, na yule anayeulizwa amegeuka muulizaji, tena kwa kijana ambaye yeye angeweza kumzaa. Wewe unadhani alikasirikia mchoro wa moyo. Mchoro ulimpa sababu tu. Wengi wanaoitwa wagumu wa mabadiliko nimeona hawana shida na kitu kipya. Simu zao wanabadilisha, M-Pesa walijifunza wenyewe bila semina. Wasichopenda ni kuaibishwa kazini.

Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako wa kwanza siuafiki. Mint Xfce hata usipoigusa, menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, programu zilizofunguliwa zinajipanga kwenye mstari wa chini. Ctrl+C ni ileile, Ctrl+P ileile, Alt+Tab ileile. Inatosha. Ukienda mbali zaidi, ukabandika nembo na kitufe cha Start cha bandia, utakuwa umemwahidi mtu kwamba hii ni Windows. Kesho atapewa programu ya Windows, yenye .exe mwishoni, kwenye flashi, ataibofya isifunguke, na jibu atakalopata kichwani ni kwamba mashine ni mbovu na wewe ndiye uliyeiharibu. Mtu aliyeambiwa kwamba hiki ni kitu kingine huuliza. Aliyedanganywa kwamba ni kilekile hukasirika. Ulishamshtua mara moja, usimhadae mara ya pili. Weka nembo ya shule kwenye skrini, mwambie jina la mfumo, basi.

Kama unatafuta mazoea, yatafute kwingine. Watu wengi wa ofisini hawajui jina la faili wanalolitumia kila siku. Wanajua liko safu ya pili kutoka kushoto, chini kidogo ya picha ya mahafali. Kabla hujagusa mashine ya mtu, ipige picha skrini yake kwa simu, kisha urudishe kila folda mahali pake, kwa jina lake, hata kama jina lenyewe ni "New Folder (3)". Usipange upya vitu vya watu eti unawasaidia. Printa nazo zipe majina ya mahali zilipo, "Printa ya Taaluma", "Printa ya Utawala", badala ya ile mlolongo wa herufi na namba inayojitokeza yenyewe.

Kuhusu njia ya kupita, kuna ofisi kubwa iliyopita kabla yako. Jandamari ya Ufaransa, polisi wa kijeshi wenye makumi ya maelfu ya kompyuta, hawakuanza na mfumo endeshi. Mwaka 2005 walihamia OpenOffice, programu za ofisi za bure, wakiwa bado ndani ya Windows. Mwaka 2006 wakaleta Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua pepe, bado ndani ya Windows. Ubuntu, ambayo ni Linux, ilianza kuingia 2008, na kufikia hapo askari alikuwa akifungua programu zilezile alizozizoea, kilichobadilika ni chumba tu. Wewe ulibadilisha chumba, kitanda na kitasa kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo baada ya mitihani, weka LibreOffice, mrithi wa OpenOffice ile, kwenye Windows za watu, Word iwepo pembeni bado. Ukiiweka, nenda View, kisha User Interface, uchague Tabbed. Vitufe vitajipanga juu kwa vichupo, karibu sana na Word ya siku hizi. Kisha ingia Tools, Options, Load/Save, General, uagize ihifadhi kwa muundo wa Word bila kuuliza. Vitu viwili hivi vinafuta nusu ya malalamiko, na ni vya dakika tano. Kuna watakaokushauri uweke menyu za Kiswahili pia. Kazi ya kutafsiri ilishafanyika zamani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice ya Kiswahili, mwaka 2004, na mimi ni mpenzi wa lugha hii. Lakini mtu aliyezoea "Save As" kwa miaka ishirini usimbadilishie lugha wiki ileile unayombadilishia programu. Moja kwa wakati.

Sasa ule moyo uliopanda juu ya maswali, maana hapo ndipo utashinda au utashindwa.

Mtihani wa kurasa nne kuwa tano karibu kila mara ni fonti. Calibri, Cambria na Times New Roman ni mali ya watu, hazimo ndani ya Mint. LibreOffice inapozikosa inatafuta mbadala, na herufi zikipishana upana hata kidogo, mstari unakatika mahali pengine, aya inasogea, ukurasa unamwagika. Hakikisha una Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria. Zilichongwa makusudi ziwe na upana uleule, ndiyo maana mpangilio haupotei. Liberation Serif inafanya hivyohivyo kwa Times New Roman, ingawa Times yenyewe, pamoja na Arial, unaweza kuiongeza kwa kifurushi cha ttf-mscorefonts-installer. Kinahitaji bando kidogo kwa sababu kinapakua fonti kutoka nje.

Mchoro nao ni habari nyingine. Ulikuwa umewekwa juu ya karatasi kwa kuelea, pengine na maandishi ya "aorta" na "vena kava" kwenye visanduku tofauti vinavyoelea kila kimoja kivyake. Hata Word ya toleo tofauti huwa inavisambaza hivyo. Dawa ni kukusanya mchoro na majina yake kuwa kitu kimoja, kisha ukaubofya kwa kitufe cha kulia, Anchor, As Character. Hapo mchoro unakaa kwenye mstari kama herufi kubwa, na hauendi popote bila maandishi yake. Milinganyo ya Hisabati ikague kwa jicho, mmoja mmoja. Mitihani ya zamani ambayo haitabadilishwa tena ihifadhi kama PDF kutoka Word yenyewe ungali nayo.

Lakini usiifanye kazi hii peke yako. Mwombe mama akupe mtihani mgumu kuliko yote aliyowahi kuchapa, kaa naye, mwache yeye ashike kipanya. Kila kitakachoharibika mkirekebishe pamoja, na kiolezo cha mtihani cha shule, lile faili la kuanzia, kitengenezwe na yeye, jina lake liwe kwenye faili. Walimu wakianza kuleta mitihani, waelekezwe kwake wala si kwako. Hapo atakuwa amerudishiwa kile ulichomnyang'anya, na sidhani kama utahitaji kumshawishi zaidi.

Mwalimu wa taaluma aliyenyamaza ananipa wasiwasi kuliko sekretari. Anayelalamika bado anataka mambo yatengenezeke. Lile faili lake la matokeo la Excel lina nini ndani? Kama ni fomula za VLOOKUP, RANK na COUNTIF za kupanga divisheni, Calc, yaani Excel ya LibreOffice, itazisoma bila shida. Kama kuna XLOOKUP, elewa kwamba LibreOffice inayokuja na Mint 22 ni ya 24.2, na XLOOKUP ilianza 24.8, kwa hiyo utaweka toleo jipya kwa njia ya Flatpak, vifurushi vya programu vinavyojitegemea. Kama kuna makro zilizoandikwa kwa VBA, lugha ya Microsoft ya kuprogramu ndani ya Excel, zile za kubonyeza kitufe na ripoti za wanafunzi wote kutoka zenyewe, usimwahidi chochote. Baadhi zitafanya kazi, baadhi zitagoma, na baadhi zitakupa jibu lisilo sahihi bila kupiga kelele, nalo ndilo baya kuliko kugoma. Chukua matokeo ya mwaka jana ambayo yanajulikana, yapitishe upya kwenye Calc, linganisha safu kwa safu. Mtoto akishuka daraja kwa sababu ya kompyuta yako, hata mimi sitakutetea.

Mhasibu mwache. Tally haikuandikwa kwa ajili ya Linux, na anayekwambia uiendeshe kwa Wine, programu ya kuendeshea vitu vya Windows ndani ya Linux, haulizwi yeye hesabu za ada zikikwama. Badala ya kudai kompyuta 11 mpya, mwombe mkuu moja tu, hata mtumba, ya Intel kizazi cha nane au zaidi, yenye Windows 11 ya leseni halali. Hiyo ndiyo ya mhasibu. Ofisi yenye mifumo miwili haina aibu yoyote. Walioumia ni waliolazimisha yote yawe mamoja.

Maana kuna waliofanya makubwa wakarudi. Jiji la Munich kule Ujerumani liliamua kuhamia Linux mwaka 2003, kukawa na purukushani hadi bosi wa Microsoft wa wakati huo, Steve Ballmer, akaenda mwenyewe kuzungumza na meya. Kufikia 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Siasa ilikuwemo, na mpangilio wa idara za TEHAMA wenyewe ulikuwa na matatizo yaliyotajwa sana kuliko programu. Mimi ninachokiona humo ni kitu cha kawaida kabisa cha ofisini: ukishabadilisha mfumo, kila kitakachoharibika baada ya hapo, printa, intaneti, hata umeme ukikatika, kitaitwa Linux. Jiandae kwa hilo, na usibishane. Tengeneza printa kwanza, maelezo baadaye.

Na printa zijaribu kabla, kwa flashi ya Mint bila kusakinisha kitu. HP LaserJet P1102, ambayo imejaa kwenye ofisi zetu, inahitaji programu-jalizi ya HP yenyewe ndipo ichape. Canon LBP6030 inataka draiva ya UFR II kutoka Canon. Zote zinakubali, lakini usigundue hilo mkuu akiwa amesimama nyuma yako na barua ya mzazi.

Ukitaka watu wauone wema wa safari hii, usiwahubirie uhuru wa programu. Najua mahubiri hayo, mazuri, ila hayachapi barua. Hela kidogo ukiipata, nunua SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi, ya GB 240 kwa kila mashine utakayohamisha na uongeze RAM ifike 8. Za kizazi cha nne kwa kawaida zinatumia RAM ya aina ya DDR3, na mitumba yake haisumbui kupatikana. Kusema kweli, sehemu kubwa ya wepesi wataousifia itatoka kwenye SSD, wala si Linux. Waache waisifie Linux. Kitu kingine watakachokipenda ni zile flashi za wanafunzi na walimu zenye virusi vya shotikati, ambapo mafaili yote yanageuka vijimshale. Kwenye Mint kijimshale hakifanyi kazi, na mafaili halisi yaliyofichwa kwa kawaida yanaonekana yenyewe. Mwonyeshe sekretari hilo, yeye ndiye awaokolee walimu mafaili yao. Usisahau tu kwamba flashi bado imebeba virusi na ikienda kwenye Windows ya mhasibu itaambukiza, kwa hiyo ifutwe kabisa kabla ya kutoka.

Masasisho yafanye mwenyewe, Ijumaa jioni, bando likiwepo. Mint haimlazimishi mtu kusubiri asilimia zihesabiwe asubuhi wazazi wakiwa dirishani. Washa Timeshift, programu ya Mint ya kuhifadhi hali ya mfumo, irudishe mfumo ulivyokuwa ukiharibika, lakini mafaili ya watu yawekee nakala yake kwenye diski ya nje. Timeshift kwa kawaida haiyagusi.

Limebaki la mkuu na mwisho wake wa mwezi. Mwendee na karatasi moja: mitihani ya Juni inachapwa kwa Windows ya zamani iliyochomolewa mtandao, likizo ya Juni LibreOffice inaingia, muhula wa pili watu wanaizoea, na mifumo inabadilishwa Desemba matokeo yakishatoka, kwa anayekuwa tayari. Mhasibu anapata mashine yake moja. Ninavyowajua wakuu wa shule, atasoma mstari wa gharama kwanza, kwa hiyo uweke juu. Kisha mwombe laptop yake mwenyewe iwe ya kwanza kuwekewa Mint, kabla ya ya mtu yeyote. Akikubali, una kazi nyepesi. Akisema yeye ana mambo mengi, waanze wengine, basi usiguse mashine ya mtu hata moja mpaka atakapobadili mawazo.

Mjomba